Ukurasa wa Bi Katibu

Kisiwani Jibondo walinijua kwa jina moja tu: Bwana wa Mwalimu. Mke wangu ndiye aliyepangiwa kazi kule, shule ya msingi, na mimi nikamfuata na begi la nguo, kompyuta, na paneli ya sola tuliyoinunua Kilindoni tulipokuwa tunasubiri chombo cha kutuvusha. Mwanzoni jina lile lilinikera. Mtu mzima, nina kazi yangu, nafanyia watu wa Dar es Salaam na hata wa nje, halafu naitwa kwa kazi ya mke wangu!

Nilijaribu kujieleza. Kulikuwa na fundi mmoja wa vyombo ambaye banda lake la kuundia majahazi ndilo lilikuwa mahali pekee kijijini mtandao uliposhika vizuri, kwa hiyo nilishinda pale, nimekaa juu ya gogo na kompyuta mapajani. Nikamwambia natengeneza tovuti, na hasa upande wake wa mbele, ule anaouona mtu anapofungua simu: maandishi, rangi, vitufe, picha zinavyokaa. Akaitikia kwa adabu, akaendelea kuchonga taruma lake, ubavu wa jahazi, kisha akaniuliza kama kazi hiyo inaniruhusu kwenda kuchukua maji. Iliniruhusu. Boti ya maji ikifika kutoka kisiwa kikubwa, mimi ndiye niliyekwenda na madumu, maana mke wangu alikuwa darasani, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walinicheka mpaka wakanizoea.

Nisipoieleza kazi yenyewe, hasira zangu hazitaeleweka. Upande wa mbele wa tovuti una mitindo kama kanga: kila msimu zinatoka mpya, na ile uliyoringia mwaka jana unaona haya kuivaa harusini. Miaka ile mtindo ulikuwa kwamba ukurasa usije kama ukurasa. Zamani uliomba ukurasa, ukaletewa maandishi, basi. Sasa simu inaletewa kwanza furushi la programu, na programu hiyo ndiyo inayoanza kuujenga ukurasa humohumo ndani ya simu, kipande baada ya kipande. Vitu vinateleza kuingia kutoka pembeni. Kuna sura ya mwanga na sura ya giza. Kuna kadi zenye kona za mviringo, na vivuli, na vitufe vinavyodunda ukivigusa. Kwa mtu mwenye simu mpya na mtandao wa ofisini, raha tupu.

Niliipenda mitindo hiyo, sitadanganya. Mimi ni mtu wa kupenda vitu vipya, na mke wangu anasema ndiyo sababu sina viatu vizuri, hela zote zinaishia kwenye kompyuta. Ila nilipokuwa nimekaa juu ya lile gogo, nikisubiri furushi lishuke huku bando langu linayeyuka, nilianza kuiangalia kazi yangu kwa jicho la mtu aliyebeba maji. Jibondo hakuna anayejitwisha dumu zima kwa ajili ya kunawa uso. Na sisi tulikuwa tunawatwisha watu madumu kumi wasome mstari mmoja.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake wa mwani. Kisiwa kizima kilimwita Bi Katibu, hata watoto wake. Tangu Hifadhi ya Bahari ilipopiga marufuku juya, zile nyavu za kukokota, na kuweka maboya kwenye sehemu zisizovuliwa, miradi ya kila namna ilipita kuwafundisha watu namna nyingine ya kuishi, na ule wa mwani ulikuwa mmoja wa michache iliyodumu. Bi Katibu alikuwamo tangu kamba ya kwanza ilipofungwa kwenye kigingi cha kwanza. Mwanzoni alikuwa anaingia majini na wenzake kila bamvua, maji yanapokupwa sana na mashamba yanabaki wazi. Halafu macho yakaanza kumpotea.

Ilikuwa presha ya macho. Ilimla kutoka pembeni kuja katikati, polepole, mpaka akabaki na mwanga na kivuli tu. Tulipohamia alikuwa bado anaona umbo la mtu aliyesimama mlangoni. Mwaka uliofuata alikuwa ananijua kwa kikohozi.

"Shikamoo, Bi Katibu."

"Marahaba, Bwana wa Mwalimu. Leo mwalimu kakuachia upike nini?"

"Muhogo."

"Ukaungulie mbali. Jana nilisikia harufu mpaka kwangu."

Kazi yake ilikuwa kujua kila kitu cha kikundi: nani kapanda kamba ngapi, za nani zimeliwa na ugonjwa, nani anaumwa, nani vigingi vyake vimeng'oka. Zamani aliandika. Macho yalipokwisha akawa anaviweka kichwani, na afisa wa mradi alipovuka kuja kutembelea, Bi Katibu alimkalisha barazani, akamsomea yote kutoka kichwani, na afisa akaandika. Afisa yule alikuwa kijana wa bara mwenye heshima zake, anavua viatu hata pasipo ulazima, na alimpenda sana bibi yule.

Kisha mradi ukaleta ukurasa. Makatibu wa vikundi vyote, Juani, Chole, Kanga na kwetu, wanatakiwa kutuma taarifa kwa simu kila bamvua, katibu mwenyewe kwa namba yake ya siri, si mtu wa kutumwa. Walikuwa na sababu yao: kuna mahali fulani taarifa zilikuwa zinapikwa na watu wasiohusika. Sheria ikawa ni hiyo, na katibu asiyeweza kutuma, kikundi kichague mwingine.

Wa kumrithi alikuwapo. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko wote kikundini, kamaliza kidato cha nne, ana simu kubwa, na hakuficha kwamba nafasi ile anaitaka. Sikumlaumu. Mtu kasoma, anaona kazi yake ipo mikononi mwa mtu asiyeona. Ningekuwa yeye ningetaka pia.

Jioni hiyo Bi Katibu aliniita kwa kugonga ukuta. Nilimkuta kakaa kwenye mkeka, simu yake ipo mbele yake. Mwanawe wa Mtwara alikuwa amemletea simu ile na kumwashia ile sauti inayosoma chochote kilicho chini ya kidole, na alikuwa anaitumia vizuri tu kusoma ujumbe wa wanawe.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa na utani. "Kazi yako si ndo hii ya kurasa? Hebu nitazamie. Miye baharini siendi tena, nikiteleza kwenye mwamba nani ataniokota? Hii kazi ndo inaleta watu mlangoni kwangu. Wanakuja kuniuliza, wanakuja kugombana, wanakuja kudai vigingi. Ikiondoka watakuja kunipa pole. Sitaki kupewa pole kila siku mpaka nife."

Nikafungua ukurasa kwenye simu yake. Ulichukua muda mrefu kushuka, ingawa tulikuwa tumekwenda na simu mpaka bandani kwa fundi kufuata mtandao. Uliposhuka ulikuwa mzuri wa kupendeza, wa kisasa kama ulivyotakiwa kuwa. Ile sauti ikaanza kusoma. Kiswahili chetu ilikisoma kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyohiyo, hakuna neno hata moja lililotoka salama. Nilijua kwa nini. Juu kabisa ya kila ukurasa kuna mstari ambao mtu hauoni, unaoiambia mashine lugha iliyomo, na vijana wa Dar waliotengeneza walikuwa wameuacha na Kiingereza kama ulivyokuja kwenye vifaa vyao.

Kisha Bi Katibu akapapasa kutafuta pa kuandikia. Vitufe vilikuwa vimechorwa tu. Kwa macho ni vitufe, vina rangi na kivuli, lakini kwa mashine ni visanduku vitupu, na sauti ilivipita kimya kama havipo. Alipofika kwenye tarehe ikawa balaa. Walikuwa wameweka kalenda ya kubonyeza, viboksi vidogo vya siku za mwezi, na kila alipogusa sauti ilisema neno moja tu: kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe.

"Huyu naye ana wazimu?" akauliza Bi Katibu.

Fundi alicheka mpaka akaweka chombo chake chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetengeneza kalenda kama zile nyingi tu kwa wateja wangu na nikasifiwa.

Nilimpigia afisa, naye akaniunganisha na kijana wa Dar aliyekuwa anasimamia ukurasa. Alikuwa mstaarabu, na alijua kazi. Nilipomwambia ninachotaka akaguna.

"Kaka, nakuelewa. Lakini kusema kweli, watumiaji wasioona watakuwa wangapi?"

"Ni mmoja," nikamwambia, "na ni jirani yangu."

Akanifungulia mlango wa kuingia kwenye msimbo, yale maandishi yanayouendesha ukurasa, nikafanya kazi. Sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Niliweka lugha. Nilifuta vitufe vya kuchorwa nikaweka vitufe vya kweli, vile vya kizamani ambavyo kila kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kinavijua tangu mwanzo. Niliondoa kuteleza na kudunda. Kalenda niliitupa kabisa, badala yake nikaweka swali ambalo kila mtu Jibondo angelielewa: bamvua la mwezi mpya au bamvua la mwezi mpevu? Hakuna mwanamke wa mwani anayehesabu shamba lake kwa tarehe za ukutani. Furushi la programu nikalipunguza mpaka likabaki kidogo tu. Mke wangu alisema kama ningekuwa nasugua masufuria kwa moyo ule nyumba yetu ingeng'aa.

Tukaketi barazani kwake kujaribu. Sauti sasa ilisema Kiswahili cha kueleweka, ingawa kikavu, na Bi Katibu akaanza kujaza taratibu, kidole kinatafuta, sauti inataja, kidole kinabonyeza. Alikuwa amefika katikati alipopita mwanamke mmoja anatoka pwani.

"Assalaam aleikum, Bi Katibu."

"Waaleikum salaam warahmatullahi." Akaiweka simu mapajani. "Habari za huko?"

"Njema, alhamdulillahi. Umeamkaje?"

"Salama. Mumeo mgongo vipi?"

Na mgongo ukaelezwa, na dawa ya mgongo, na aliyeileta dawa, na mama wa aliyeileta dawa. Ulipokwisha Bi Katibu akaichukua simu, na sauti ikamwambia: Muda wako umekwisha, tafadhali anza upya. Kila alichojaza kilikuwa kimefutika. Ukurasa ulikuwa umewekewa ulinzi kwamba usipoguswa kwa muda unajifunga.

Akaanza upya. Akapita mwingine. Huyu alikuwa na msiba wa Juani wa kuuelezea. Muda ukaisha tena.

Mara ya tatu nilishindwa kujizuia. "Bi Katibu, si uwaambie tu wasubiri kidogo?"

Alinigeuzia uso. "Mtu kanisalimu, nimwambie angoje simu imalize?"

"Dakika chache tu."

"Huko kwenu bara mwafanya hivyo?"

Huko kwetu bara sasa tunafanya. Kwake lilikuwa jambo lisilozungumzika, sawa na kumfungia mtu mlango usoni. Na ukiangalia, kazi yake yote ilikuwa imejengwa juu ya salamu zile. Habari ya vigingi vilivyong'oka aliipata baada ya mgongo na dawa ya mgongo, haikuja yenyewe.

Nilimpigia tena kijana wa Dar. Akasema ulinzi ni ulinzi. Tukabishana, nikapandisha sauti mpaka fundi akaniashiria nitulie. Mwishowe tukakubaliana: ukurasa utajifunga, sawa, lakini kila neno analoandika libaki limehifadhiwa ndani ya simu yake. Akirudi anaweka namba yake ya siri na kuendelea alipoishia. Na mtandao ukiwa haupo, taarifa ikae simuni ingoje, ikiupata ijitume yenyewe. Hizo nazo ni mbinu mpya, tena za juzijuzi, na hapo nilijifunza kuacha kuitukana mitindo yote kwa pamoja. Kati ya vitu vipya vyote nilivyokuwa nacheza navyo, hivi viwili vilikuwa kama vimetengenezwa kwa ajili ya Jibondo.

Siku ya mkutano wa kuamua kama katibu abaki, kikundi kilikaa kwenye ghala la mwani, jirani na banda la fundi. Afisa alikuwapo. Yule aliyeitaka nafasi alikaa karibu na mlango na simu yake kubwa. Mimi nilisimama nje kidirishani, maana ulikuwa mkutano wa wanawake na mimi Bwana wa Mwalimu tu. Bi Katibu akafungua ukurasa, akaanza. Ghala zima lilikuwa kimya, unasikia ile sauti kavu inataja majina ya wanachama mmoja mmoja, na kila aliyetajwa aliitikia "naam" kama darasani. Katikati mwenyekiti akaingia amechelewa, akasalimu, na Bi Katibu akaiweka simu mapajani akamwitikia mpaka mwisho, na wajukuu wake akawauliza mmoja mmoja. Akaichukua simu, akaweka namba yake, akaendelea. Kisha sauti ikasema: Taarifa imetumwa.

Vigelegele vilisikika mpaka shuleni. Yule wa karibu na mlango alipiga kimoja kifupi, cha wajibu.

Ilipita misimu. Taarifa za Jibondo zilikuwa zinafika kabla ya za wengine, na Bi Katibu akaanza kuwa na kiburi kidogo, nacho kilimpendeza. Alinituma niwasalimie makatibu wenzake wa vijiji vingine ambao, kwa maneno yake, wana macho na bado wanachelewa. Watu walikuja mlangoni kwake kugombana kama kawaida. Yule aliyeitaka nafasi alipata mimba iliyomlaza kitandani muda mrefu, na Bi Katibu akatuma taarifa kwamba mwenzao anaumwa, akawapangia zamu wengine, kamba zake zikatunzwa mpaka alipoinuka. Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Walisalimiana vizuri zaidi, basi.

Kisha alfajiri moja, baada ya adhana, nikasikia ukuta unagongwa.

"Bwana wa Mwalimu. Ukurasa umenyamaza."

Walikuwa wameuboresha. Yule kijana mstaarabu alikuwa ameondoka, wamekuja wengine na vifaa vipya, wakaandika upya kila kitu kutoka mwanzo, kama tunavyopenda sisi watu wa kazi hii. Nilipoufungua nikaona kazi nzuri, lazima niseme. Ulikuwa na rangi za maji ya asubuhi, na namba zilikuwa zinajihesabu zenyewe kupanda juu, na alama ndogondogo badala ya maneno, kila kitu kinateleza kama samli. Kwa sauti ya simu haukuwa na kitu. Bi Katibu alikuwa anapitisha kidole juu ya kioo kutoka juu hadi chini, tena na tena, na simu haikusema lolote. Nilitamani kuvunja kitu.

Niliwapigia. Mlango wangu wa kuingilia kwenye msimbo ulikuwa umefungwa. Wakaniambia suala hilo wameliandika, litaangaliwa kwenye toleo lijalo. Nikauliza lini. Toleo lijalo. Nilitukana kwa lugha ya kwetu, lugha wasiyoijua, kisha nikaomba msamaha kwa Kiswahili. Bamvua likapita bila taarifa ya Jibondo, na la pili likapita.

Afisa akavuka na agizo. Alinipitia kwanza, akakaa kwetu, chai ikapoa mbele yake. "Kaka, mimi nimeandika barua mbili," akasema. "Wamenijibu kikundi kichague leo, nirudi na jina. Nisiporudi na jina, Jibondo inatolewa kwenye mradi." Nilimwona ana huzuni ya kweli. Nikamwambia aende.

Ghala lilikuwa limejaa. Nilisimama kwenye kidirisha changu. Bi Katibu alikuwa amevaa kanga mpya, amekaa mahali pake pa siku zote, na alipomsikia afisa anahangaika kuanza, akamsaidia.

"Sema tu, mwanangu. Twajua kilichokuleta."

Afisa akasema. Akaeleza kwa upole, akamshukuru katibu kwa miaka yote, kisha akatoa simu yake, akaufungua ukurasa mpya na kumpelekea yule wa kidato cha nne, ambaye kila mtu alikuwa tayari anamtazama. "Jaribu wewe, dada. Jaza tu jina la kikundi, tuone."

Akaipokea. Akaitazama simu, akamtazama Bi Katibu. Nafasi aliyoitaka muda wote ule ilikuwa mkononi mwake. Bandani fundi alikuwa anapiga misumari.

"Sioni," akasema.

"Ni hapo juu," akasema afisa. "Hicho kialama cha bluu."

"Sioni, kaka. Hicho cha bluu wala kingine."

Afisa hakuelewa. Akaichukua simu, akampa aliyekaa pembeni yake. Huyu alikuwa mwanamke ambaye alikuwa anaona mwani uliooza kutoka ufukweni. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Na miye sioni."

Simu ikaenda kwa mwingine, na mwingine. "Sioni." "Giza, baba." "Miye tangu asubuhi." Mwenyekiti hata kuipokea hakuipokea, alifumba macho tu na kutikisa kichwa.

"Acheni mzaha!" Bi Katibu alipaza sauti. Alikuwa amekasirika kweli. "Mtatolewa kwenye mradi nyote kwa ajili yangu? Weye!" Alikuwa amegeukia mlangoni, upande wa yule wa kidato cha nne, na hakukosea hata kidogo alipokaa. "Chukua simu. Weye una macho."

"Sina, mama," akajibu yule. "Mpaka ukurasa useme."

Bi Katibu akavuta upindo wa kanga yake mpya akajifunika uso, na mabega yake nikayaona yanapanda na kushuka. Mimi nililia pale kidirishani, na sikuona haya, hata fundi alipokuja kusimama nyuma yangu.

Afisa alibaki katikati ya ghala na simu mkononi, viatu amevua. Aliwatazama wanawake wale mmoja baada ya mwingine, nao wakamtazama, macho makavu, wanangoja. Akasogea mlangoni ambapo mtandao ulishika, akapiga namba ya Dar, na alipoulizwa Jibondo wana tatizo gani tena, akajibu kwa sauti ambayo sote tuliisikia, kwamba kikundi kizima hakina hata mtu mmoja anayeona.